Nyumba Ipokeayo Wote

Somo: Luka 10:25–37

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya mahali ambapo sisi wahubiri hatupataji ila kwa kuwaonya watu wasiende. Nasema juu ya zile nyumba za kulala wageni kwa bei nafuu, ambazo huku kwetu huitwa loji.

Ukishuka kutoka Tom Mboya Street kwenda River Road, pale Nairobi, utaziona zimepangana juu ya maduka, baa na ofisi za mabasi. Unapanda ngazi nyembamba mpaka kwenye dirisha dogo lenye vyuma. Hapo unalipa kwanza, unaandikisha jina na nambari ya kitambulisho, kisha unapewa ufunguo na kipande cha sabuni. Chumbani mna kitanda, blanketi na taa moja. Choo ni cha wote. Usiku kucha makanga wanaita abiria, na muziki wa baa unatikisa ukuta. Mwenye busara huweka pesa zake chini ya mto.

Sifichi ubaya wa mtaa ule. Wizi upo, ulevi upo, na wapo wasichana wanaouza miili yao kwa sababu ya shida. Kwa hiyo Wakristo wengi, wakisikia kwamba fulani alilala River Road, huguna tu, na jina lake huharibika kabla hajanawa uso.

Lakini ndugu yangu, hebu tuulize, ni akina nani wanaolala huko? Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901, hupokea wagonjwa waliotumwa kutoka kila pembe ya nchi yetu. Mgonjwa aliyeambiwa afike asubuhi na mapema, naye anatoka Busia au Kitui, atalala wapi? Wako pia wenye kesi mahakamani, wanaofuatilia pasipoti Nyayo House, akina mama waliokuja kununua mitumba Gikomba, na vijana walioitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Hao ndio wenye majina katika kile kitabu cha dirishani.

Niliwahi kulala katika loji moja ya huko nilipokuwa na mkutano mjini. Kando ya dirisha palikuwa na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa chaki: chumba cha nne, saa kumi, chumba cha tisa, saa kumi na nusu. Nikamwuliza mama wa zamu maana yake. Akasema, “Hao ni wa hospitali, Pasta. Nisipowaamsha watakosa nafasi kwenye foleni.” Hakuongezwa mshahara kwa kazi hiyo. Aliifanya kwa sababu wageni walikuwa mikononi mwake.

Sasa tuutazame mfano wa Bwana wetu. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilomita 27 hivi, nayo hushuka karibu mita 1,000 kupitia majabali makavu, mahali pazuri pa wanyang'anyi kujificha. Yule Msamaria alimchukua majeruhi akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Neno la Kiyunani analotumia Luka hapo limeundwa kwa maneno mawili, “wote” na “kupokea”. Ni nyumba ipokeayo wote. Lakini katika sura ya pili, Mariamu alipokosa nafasi, Luka anatumia neno jingine, lile lile analolitumia kwa chumba ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake. Nafasi ilikosekana katika chumba cha wageni, bali majeruhi wa Yeriko aliipata katika nyumba ipokeayo wote.

Tumemsifu sana Msamaria, na ni haki. Lakini kesho yake alishika njia akaenda. Ni nani aliyebaki akiosha vidonda na kumnywesha mgonjwa maji? Ni mwenye nyumba, ambaye hata jina lake hatulijui. Alipewa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, na ahadi ya kulipwa iliyozidi. Aliiamini ahadi ya mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo.

Nasi tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni hoteli kubwa za Nairobi hazikumlaza Mwafrika kwa sababu ya rangi yake. Wengi wa wazee wetu walipofika mjini walipanga vyumba Pumwani, katika nyumba za watu wasiowajua wala wasiosali nao.

Kwa hiyo nina neno kwa watu watatu. Wewe mwenye loji, shuka safi, komeo linalofunga na chenji iliyo kamili ni sehemu ya utumishi wako mbele za Mungu. Wewe unayelala huko usiku huu, usione haya. Mungu anakijua chumba chako. Nawe Mkristo wa Nairobi, mwenye kiti kirefu sebuleni ambacho hakilaliwi na mtu, sikiliza. Tunaipenda methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la siku ya tatu tunalikumbuka, lakini je, zile siku mbili za kwanza tunazitoa? Juma hili uliza kanisani kwako ni nani amekuja kutibiwa, na analala wapi. Kama huna nafasi, nenda ukamwone huko huko, upande ngazi zile, umpelekee chai, umsindikize hospitali. Isiwe nyumba ya River Road inapokea wote, na nyumba ya Mungu inachagua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa pasipo nafasi, walinde usiku huu wote walalao ugenini. Wabariki wanaokesha kwa ajili yao. Utufungue sisi milango yetu, na mioyo yetu kwanza. Amina.