Maji, Misuli na Mbio za Vijana Wetu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)

Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala mikopo. Vikundi vingi hutayarisha siku ya michezo ya vijana, na kila mara swali linarudi: je, mkimbiaji apewe maji, au maji yatamfanya mzito? Wengine husema kijana azoee kiu ndipo awe mgumu. Sisi tunasema hapana, na sababu ni hizi.

Sote twajua jani la chai. Likichumwa asubuhi, na lori lichelewe, jani linalegea kwa kupoteza maji. Mwili wa mtu si jani, lakini msuli nao karibu robo tatu yake ni maji. Mtu akikimbia, misuli inatoa joto jingi, na mwili unajipoza kwa kutoa jasho. Jasho hilo hupunguza maji yaliyo katika damu. Basi moyo unalazimika kupiga haraka zaidi, maana damu inatakiwa kwenye misuli na pia kwenye ngozi. Joto la mwili linapanda, miguu inakuwa mizito, na kijana anaachwa nyuma ingawa alifanya mazoezi vizuri.

Ni maji kiasi gani? Mtu akipoteza kilo 2 katika kila kilo 100 za uzito wake, mara nyingi mbio ndefu zinaanza kumshinda, hasa penye joto. Kwa kijana wa kilo 50 hiyo ni kilo 1 tu, yaani karibu lita moja ya jasho. Sisi watu wa chai tumezoea mizani. Basi mpimeni mkimbiaji kabla ya mazoezi na baadaye, akiwa na nguo zile zile nyepesi, jasho likiwa limefutwa. Kilo iliyopungua ni maji anayopaswa kurudishiwa.

Mtasema, "Mbona wakimbiaji wetu hushinda bila kubeba chupa?" Ni kweli, lakini tutazame urefu wa mbio. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo mwaka wa 1964, katika mita 800. Mbio hizo aliziendesha chini ya dakika mbili. Hapo hakuna haja ya kunywa njiani. La muhimu ni kufika uwanjani bila kiu. Mbio za saa moja au zaidi ni jambo lingine.

Tena, watafiti waliwapima wakimbiaji hodari wa Kikalenjin kambini Bonde la Ufa, na matokeo yakaanza kutolewa mwaka wa 2004. Waliona kwamba vinywaji vyao vikubwa ni maji na chai ya maziwa. Wakati wa kukimbia hawakunywa sana, lakini walikunywa siku nzima na kurudisha walichopoteza. Kwa hiyo chai yetu haikaushi mwili kama wengine wanavyodhani. Maji yaliyo ndani yake yanahesabiwa, na ya maziwa vile vile.

Hapa kwetu kuna baridi, na jasho hukauka upesi hata mtu asilione. Kijana akishuka Kisumu au pwani, mambo yanabadilika. Mwaka wa 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kukiwa na joto na unyevu mwingi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliacha mbio njiani. Joto halimheshimu bingwa.

Lakini pia tusizidishe. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, baadhi ya wakimbiaji walikunywa kupita kiasi hata chumvi ya damu ikapungua sana. Hali hiyo inaweza kuua. Mtu anywe kwa kiasi, akifuata kiu yake, wala asilazimishwe.

Sasa, kikundi kifanye nini?

1. Chemsheni maji siku iliyotangulia, yapoe, yafunikwe. Maji ya mto yasiyochemshwa yanaweza kuleta kuhara, na anayehara hupoteza maji mengi. Kila mtu awe na kikombe chake.
2. Saa tatu au nne kabla ya mbio, mkimbiaji anywe kikombe kikubwa cha maji au chai.
3. Atazame mkojo wake. Ukiwa na rangi nzito kama chai isiyo na maziwa, bado anahitaji kunywa.
4. Katika mbio ndefu, anywe mafunda machache machache.
5. Baada ya mbio, anywe pole pole na kula chakula chenye chumvi kidogo: ugali, mboga, na mursik ikiwepo.

Mkimbiaji akiyumba, akisema maneno yasiyoeleweka na mwili ukiwa moto, msimpe maji mdomoni. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, na mtafute gari la hospitali mara moja.

Mwisho, msiwasahau akina mama. Mchumaji anayebeba kikapu mgongoni tangu asubuhi anatumia misuli kama mkimbiaji, wala hapigiwi makofi. Tukitayarisha mtungi wa maji safi kwa siku ya michezo, mtungi huo uende pia shambani, kila siku.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
- Nani atachemsha maji, na kuni zitatoka wapi?
- Mizani ya kupimia vijana tutaiazima wapi?
- Nani atabeba mtungi hadi shambani, ili kazi hiyo isiwaangukie akina mama peke yao?