Dirisha Linalotazama Ukuta

Tembea Pipeline, Embakasi, saa sita mchana. Jua la Nairobi liko utosini, lakini vyumba vingi vya ghorofa za chini vimewasha taa. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Nguo huanikwa koridoni zikabaki na unyevu, na tokeni za stima huisha upesi.

Mwenye ploti aliyetangulia kujenga hulalamika jirani akipandisha ghorofa zake. Je, ana haki? Sheria ya Kenya kuhusu ukomo wa madai, Sura ya 22, kifungu cha 32, inasema jengo lililofaidi mwanga na hewa kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20 hupata haki ya kuendelea kuvifaidi. Wazo hilo tulilirithi kwa Waingereza, ambao sheria yao ni ya mwaka 1832. Miaka 20! Mpangaji wa Pipeline atakuwa ameshahama mara ngapi?

Kwa maoni yangu, kutegemea mahakama pekee ni kuchelewa. Ugomvi huu huamuliwa kwenye ramani ya jengo, pale afisa wa kaunti anapopaswa kukagua nafasi kati ya kuta. Zege likishakauka, nani atalibomoa? Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona msingi unachimbwa chini ya dirisha lako, usingoje ghorofa ya tatu. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti, ulizia kibali, na uwasilishe pingamizi lako kwa maandishi.