Mitambo ya Kupozea Maziwa na Sheria za Hewa na Umeme

(Hotuba ya Katibu wa Umoja katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha mwaka wa kumi)



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza jinsi Umoja wetu ulivyoanza na jinsi ulivyokua, nami sitayarudia hayo. Halmashauri imeniagiza nizungumze juu ya jambo tutakalolipigia kura kesho asubuhi, yaani ununuzi wa tangi la kupozea maziwa. Najua ya kuwa wengi wenu mnaliona shauri hili kuwa ni la bei tu: tangi moja ni rahisi, la pili ni ghali, basi Katibu anatusumbulia nini? Naomba mnivumilie. Katika biashara hii yumo mtu wa tatu, asiyekaa sokoni wala hapatani bei na mtu, lakini ndiye mwenye kuamua mtambo utaishi miaka mingapi. Mtu huyo ni sheria.

Nitaanza kwa kosa, na kosa lenyewe kwa sehemu ni langu. Katika mwaka wa pili wa Umoja, nami wakati huo nikiwa karani mdogo, ndimi niliyeandika barua ya kulisifu lile tangi kuukuu lililokuwa limetumika katika shamba moja huko Ulaya. Bei yake ilikuwa nafuu mno, na chuma chake cheupe kiling'aa kama sahani ya arusi. Siku lilipowasili tulichinja mbuzi. Ubavuni mwake palikuwa na bamba dogo lililoandikwa 2CII, na chini yake R22. Nililisoma bamba lile kwa macho yangu, nikalipita kama mtu apitaye kaburi la asiyemjua.

Mwezi wa Julai lilifanya kazi vema, kwa maana wakati huo kwetu ni baridi. Ilipofika Februari, jua likiwa kali juu ya mabati ya ghala, mtambo ukawa haunyamazi mchana wala usiku, wala maziwa hayakuteremka chini ya digrii 9. Asubuhi moja dereva wa lori la kiwanda aliyapima kwa spiriti, yakagandana mbele yetu sote, na tangi zima likakataliwa. Tuliyamwaga katika mtaro ulio nyuma ya ofisi. Waliokuwapo watamkumbuka mama mmoja mwanachama aliyesimama na mkebe wake mtupu. Hakusema neno, alitutazama tu, kisha akaenda zake. Heri angalitutukana.

Sasa nieleze lile bamba lilikuwa likisema nini. Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la digrii 37 au 38, na katika joto la namna hiyo vijidudu vyaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Dawa yake ni kuyateremsha hadi digrii 4 upesi. Kwa ajili hiyo iko kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 5708, nayo huyapanga matangi kwa alama tatu. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya makamuo yanayolijaza tangi, 2 au 4. Herufi yaonyesha joto la mahali ambapo mtambo umepimwa kufanya kazi yake barabara: A ni digrii 38, B ni 32, na C ni 25. Namba ya Kirumi ya mwisho ni muda wa kuyatoa maziwa katika digrii 35 na kuyafikisha 4. Kwa mathalan I ni saa 2 na nusu, na II ni saa 3.

Basi tangi letu la C lilitengenezwa kwa nchi ambayo digrii 25 ni siku ya joto. Tuliliweka chini ya mabati ya Februari tukataka litende miujiza. Tena liko jambo la pili ambalo hata mafundi wengine hawalisemi. Tangi la makamuo 2 limepimwa kupoza nusu yake tu kwa mara moja, na lile la 4 robo yake, kwa kuwa mkulima wa kule hulijaza kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Sisi vituo vyetu hupokea maziwa ya kijiji kizima katika asubuhi moja. Tukilijaza mpaka ukingoni kwa mara moja, tumekwisha kuivunja ahadi ya bamba, na lawama si ya mtengenezaji.

Nije katika R22, kwa maana hapo ndipo sheria inapoingia. Hiyo ni gesi inayozunguka katika mabomba ya mtambo, ikichukua joto la maziwa na kwenda kulitupa nje. Zamani watu walitumia amonia na gesi nyingine zilizodhuru watu zilipovuja. Kati ya mwaka 1928 na 1930 wataalamu wa Marekani walivumbua gesi za jamii nyingine, zisizonuka wala kuwaka, na ulimwengu wote ukashangilia. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Molina na Rowland, walionya ya kuwa gesi hizo zikipanda juu huharibu tabaka la ozoni, lile litukingalo na mionzi mikali ya jua. Na mwaka 1985 Waingereza wakatangaza ya kuwa tabaka hilo limetoboka juu ya bara la Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yakafanya Mapatano ya Montreal. Kenya yetu iliyaridhia mwaka 1988, na mwaka 2007 Serikali ikatunga kanuni zake za kusimamia gesi hizo, hata asiwepo mtu wa kuziingiza nchini pasipo leseni.

R22 ilipewa muda mrefu kuliko ndugu zake kwa kuwa madhara yake kwa ozoni ni madogo. Lakini muda huo nao una kikomo. Huko Ulaya ilikatazwa kuongeza R22 mpya katika mitambo tangu Januari 2010, na hata ile iliyosafishwa ikakatazwa tangu Januari 2015. Mkulima wa kule ambaye mtambo wake ulivuja hakuwa na la kufanya ila kuuondoa. Hapo ndipo bei nafuu ilipotoka, ndugu zangu! Sisi tulidhani tumepata bahati, kumbe tumenunua mtambo uliofukuzwa kwao na sheria. Na mchuuzi aliyetuuzia hakututajia neno moja juu ya hayo. Sheria ile ile ikatufuata mpaka huku. Kwa nchi kama zetu Mapatano yalitaka R22 na jamaa zake zipunguzwe kwa asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 mwaka 2025, na mwaka 2030 zikome, isipokuwa mabaki madogo ya kutengenezea mitambo iliyopo. Kila fundi alipokuja kujaza gesi, mtungi ulikuwa umepanda bei. Hesabu zetu za miaka ile ziko ofisini, na kila mwanachama ana haki ya kuzitazama. Atakayezijumlisha ataona ya kuwa tangi la bei rahisi lilikwisha kutugharimu kuliko jipya kabla halijazimika.

Mtauliza: je, tukinunua tangi la gesi nyingine isiyodhuru ozoni, tutakuwa tumepona? Hilo ndilo swali la kesho. Tangi la kwanza tulilopewa bei nalo limetumika, nalo lina gesi ya R404A. Ni kweli gesi hiyo haigusi ozoni. Lakini ina dhambi nyingine: huongeza joto la dunia. Wataalamu huzipima gesi kwa kuzilinganisha na hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi wa dizeli. Kilo 1 ya R404A ikivuja ni sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa. Mtambo ukivuja kilo 4, jambo ambalo kwetu si la ajabu, ni kama tumechoma lita 5,800 hivi za dizeli bila kupoza hata mkebe mmoja.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, wakaongeza gesi hizi katika Mapatano ya Montreal. Kenya iliiridhia nyongeza hiyo mwaka 2023. Nchi za kundi letu zimewekewa kiwango tangu 2024. Zitapunguza kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040, na 80 mwaka 2045. Yafaa tuangalie jinsi hesabu yenyewe inavyofanywa. Haihesabiwi kwa kilo za gesi, bali kwa uzito wa madhara yake. Katika nafasi ile ile inayochukuliwa na kilo 1 ya R404A, nchi yaweza kuingiza zaidi ya kilo 2 na nusu za R134a, ambayo madhara yake ni 1,430. Kwa hiyo gesi nzito ndizo zitakazobanwa kwanza. Ulaya wamekwisha kuikataza R404A katika mitambo mipya ya kupozea ya kawaida tangu Januari 2020. Mnaona ya kuwa ngoma ni ile ile, wachezaji tu ndio waliobadilika.

Mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye namheshimu kama baba yangu, aliniambia katika kikao, “Katibu, mbingu hii hatukuitoboa sisi. Kwa nini sisi ndio tulipe?” Neno lake ni la haki, wala sikuwa na jibu la kulipindua. Walioharibu sana ni wenye viwanda vikubwa na majokofu katika kila nyumba, huku wengi wetu tukinywa maji ya mtungi. Na ni kweli kwamba Mapatano yameliona jambo hilo, ndiyo maana nchi zetu zimepewa miaka mingi zaidi, na uko mfuko ulioanzishwa mwaka 1990 wa kuzisaidia. Lakini mfuko huo haulipi bili ya mkulima wa ng'ombe 2. Nalisema wazi mbele ya maofisa wetu wa Serikali ili walipeleke mbele. Hata hivyo Februari haingoji haki itendeke, na maziwa nayo hayangoji.

Tangi la pili tulilopewa bei ni jipya. Alama yake ni 2BII, nalo hutumia propeni, yaani R290, ambayo madhara yake kwa joto la dunia hayafiki hata 5. Nisiwafiche ubaya wake. Kwanza ni bei, ambayo mmeisikia. Pili, propeni huwaka moto. Ni jamaa ya gesi tunayopikia, na mtambo wake hukaa nje penye hewa, na fundi wake sharti awe amefundishwa. Katika wilaya yetu mafundi wa namna hiyo ni wachache, na Halmashauri imekubali kumpeleka kijana mmoja wa kwetu kusoma kazi hiyo kabla tangi halijafungwa. Nami nasisitiza hili: asitokee mtu wa kumimina gesi ya jikoni katika mtambo wa R22 au R404A kwa kuwa ni rahisi. Mtambo uliotengenezwa kwa gesi isiyowaka una swichi zitoazo cheche. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka huko Vietnam na Brazil, yakaua mafundi, kwa sababu ya gesi bandia iliyouzwa kwa jina la R134a. Mtungi usio na karatasi zake, tuukatae.

Juu ya umeme nitasema kwa ufupi. Kupoza lita 1,000 kutoka digrii 35 hadi 4 ni kuondoa joto la yuniti 35 hivi. Mtambo mzuri hulihamisha kwa umeme wa yuniti 12 hadi 15. Uliozibwa na vumbi na manyoya ya kuku hufika 20 na kupita. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zimeweka alama za nyota juu ya majokofu ya nyumbani, nyota nyingi zikiwa na maana ya umeme kidogo, na Ulaya tangu Machi 2021 majokofu ya madukani hubandikwa daraja kutoka A hadi G. Wanachama wenye maduka ya maziwa lala wazitazame alama hizo, na wayaogope majokofu yaliyo wazi mbele, kwa maana hewa ya baridi ni nzito, humwagika sakafuni kama maji. Nasi hapa kituoni, maziwa yakipitishwa kwanza katika kipozeo cha maji ya kisima yenye digrii 20, zaidi ya theluthi ya joto huondoka kabla mtambo haujawashwa.

Karatasi za bei zote mbili, pamoja na picha za mabamba, ziko juu ya meza yangu tangu sasa hadi saa 2 asubuhi kesho, na asiyejua kusoma nitamsomea mwenyewe.

Limebaki lile tangi la kale lililolala nyuma ya ghala. Nimesikia ya kuwa vijana fulani wamekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Naomba wangoje. Ndani yake imebaki R22, na bomba likikatwa kwa msumeno yote itapanda juu. Fundi mwenye leseni atakuja Jumanne na mtungi wake wa kuivuta. Akimaliza, chuma ni chao.