Meno nayo yawe na haki kwenye kasa
(Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama, Baraka)



Tumeombwa kusema juu ya meno. Wengine pale nyuma wamecheka, tumewaona. Watu waliokimbia, wakavuka ziwa mara mbili, wakarudi kukuta shamba limekuwa pori, wasumbuliwe na meno? Basi tuanze na kosa letu.

Mwaka jana mama mmoja, mwanachama, alitufikia akisema ufizi unamtoka damu kila asubuhi akipiga mswaki. Alitaka kasa imsaidie kwenda kusafishwa meno. Tukafungua sheria zetu: kasa inalipa ugonjwa, uzazi na msiba. Tukamwambia, mama, kusafisha si ugonjwa, ngoja kwanza. Akangoja. Miezi ikapita, akarudi shavu limevimba mpaka shingoni, kumeza mate hawezi. Ile usiku tulimbeba kwa pikipiki. Aling'olewa meno matatu, akalala siku sita akipigwa sindano. Kasa ililipa yote bila mtu kuuliza, juu sasa ilikuwa ugonjwa! Pesa ile ingesafisha meno ya watu wengi wa avenue yake. Yeye alipona, na ametuambia tuseme habari yake hapa, bila jina.

Kumbe inakuwaje? Kila mtu, hata msafi, meno yake yanashika utando laini wenye vijidudu. Mswaki unautoa. Ukiachwa siku chache, chumvi za mate zinaugandisha, unakuwa ukoga mgumu kama jiwe, ule wa njano unaouona nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo mswaki umeshindwa. Mkaa na mchanga navyo vimeshindwa, tena vinakwaruza jino. Jiwe hilo linatolewa na muganga wa meno kwa chombo chake. Lisipotolewa, ufizi unavimba, unaachana na jino, na mfupa unaoshika jino unaliwa polepole, mara nyingi bila maumivu hata kidogo. Mzee akisema meno yamemtoka juu ya uzee, mara nyingi uzee unasingiziwa tu.

Kuna wanaoogopa: "Akikwangua, meno yatalegea." Tunasikia hii kila mahali. Jino linalolegea baada ya kusafishwa lilikuwa limelegea tayari. Jiwe lilikuwa linalishika sawa vile tope linavyoshika mti wa ua uliooza chini. Na ufizi ukitoka damu, usiache mswaki. Piga polepole, lakini piga, kisha nenda uangaliwe.

Wamama, angalieni sana jino la miaka sita. Linaota nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wengi wanadhani nalo ni la utoto, litaanguka tu. Haliwezi kurudi. Likiangaliwa mapema, tundu dogo linazibwa. Likichelewa linang'olewa, na mtoto ana miaka tisa.

Na yale "meno ya plastiki" tuliyoyasikia kule kambini Tanzania, wengine wamerudi nayo kichwani: mtoto akiharisha au akipata homa, wanamkata ufizi wamtoe. Kile kinachotolewa ni mbegu ya jino lake mwenyewe. Mtoto anaweza kufa kwa damu au kwa vidonda vilivyooza. Mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya, anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Nyumbani ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mwaka 2021 OMS iliiweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa za lazima, kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni anasa. Bombo na sukre zipungue. Tena, wang'oaji wa sokoni, wenye koleo moja kwa watu wote, tuwaogope: Sida na ugonjwa wa ini vinaweza kupita hapo.

Sasa ombi letu. Tunataka sheria ya kasa ibadilishwe, ilipe uangalizi wa meno mara moja kwa mwaka kwa kila mwanachama, na kusafishwa kwa anayehitaji. Wamama wenye mimba na wenye sukari watangulie, juu ufizi wao unaumia upesi. Badala ya kila mtu kulipa nauli yake, tumwite muganga wa meno aje hapa siku chache, pamoja na vyombo na sufuria yake ya kuchemshia kwa mvuke. Wafadhili, tunajua ninyi mnapenda jengo lenye kibao cha jina. Ufizi uliopona hauna mahali pa kubandika kibao. Tusaidieni hivyo hivyo na nauli ya huyo muganga. Kotizasio zetu zitabeba sehemu nyingine.

Kura ni mkutano ujao. Yule mama tuliyemwambia angoje amesema atakuwepo, na watoto wake wanne.