NANI ATALIPIA DAFTARI LA MANGINA?

(Maneno yaliyosomwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wachimbaji na wenyeji wa mji wa Mangina)



Tumeombwa kusema juu ya fedha. Watu wakisikia karani anataka kusema juu ya fedha, hushika mifuko yao. Hawakosei, kwa maana mwisho wa maneno haya tutaomba mchango. Lakini kwanza twataka mjue mchango huo ni wa kitu gani, mtu asitoe franga yake gizani.

Sisi makarani kazi yetu ni kuandika. Kila jioni twaandika shimo gani limetoa gramu ngapi, nani amefika kazini na nani hakufika, pampu imekunywa mafuta kiasi gani. Madaftari yamejaa. Lakini tafuteni mle ndani habari za mzee anayegonga ukuta wa shimo kwa mpini wa sururu, akasikiliza, kisha akawaambia vijana, "Tokeni." Hamtaziona. Tafuteni maarifa ya mama anayejua ni maji ya kijito gani yasiyofaa kunywewa tangu wachimbaji waanze kuosha mchanga kule juu. Hamtayaona. Mzee akifa, hesabu ya gramu inabaki, na maarifa yaliyookoa watu yanakwenda naye kaburini. Maarifa hayo si madogo. Hayakupewa daftari, basi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1903 dhahabu ya Kilo, huko Ituri, iliandikwa kuwa imegunduliwa na watu wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien. Majina yao yamo vitabuni. Wapagazi waliobeba mizigo yao na wenyeji waliojua mito ile tangu utoto hawamo. Ramani na makaratasi mengi ya udongo wa Kongo, yaliyoandikwa wakati wa ukoloni, yamehifadhiwa Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba la makumbusho. Mwezi wa Julai 2025 Serikali yetu ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Kimarekani, KoBold Metals, na moja ya mambo yaliyotajwa ni kuyaingiza makaratasi hayo ya zamani katika kompyuta. Tazameni, basi, thamani ya karatasi! Watu wenye mitambo ya kila namna bado wanatafuta yaliyoandikwa na makarani wa zamani. Aliyeandika alijua anachofanya.

Tuje hapa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 dunia nzima ililisikia jina la Mangina. Wizara ya Afya ilitangaza Ebola, na hapa ndipo ilipojulikana kwanza. Ugonjwa ulikwenda Beni, Butembo, Katwa na Ituri. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Katika mkutano huu wamo waliozika, na wamo waliopona.

Fedha nyingi zilikuja wakati ule, na magari mengi pamoja nazo. Lakini ni nani aliyelipwa ili akae na wazee, aandike jinsi tunavyozika, ni nani anayegusa maiti, kwa sababu gani, na ni desturi gani inaweza kuachwa kwa muda bila kumtukana marehemu? Maarifa hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Kama yangeulizwa mapema, hofu ingepungua. Katika Beni kulikuwa na chumba cha plastiki inayopenya macho, kilichowekwa na waganga wa ALIMA, ambamo mama aliweza kumwona mtoto wake mgonjwa na kusema naye. Kuta za namna ile zilifanya kazi ambayo matangazo mengi hayakuiweza. Mtu akiona kwa macho yake, uvumi hupungua nguvu.

Sikilizeni habari nyingine, maana ndani yake mna jambo letu lote. Mwaka 1976 munganga Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda Yambuku, akawatoa damu wagonjwa wa homa isiyojulikana. Damu ya Yambuku ilipelekwa Ulaya, na sifa nyingi za ugunduzi zikabaki huko. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe na wenzake walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa 8. Saba walipona. Wataalamu wengi wa nje hawakuamini, wakasema huenda wangepona hata bila damu ile. Baadaye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa Marekani, na humo ikapatikana dawa iliyoitwa mAb114. Tangu Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu katika vituo vinne: Beni, Butembo, Katwa, na hapa Mangina. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila 100. Kati ya waliopewa ZMapp, ambayo ndiyo ilikuwa ikisifiwa zaidi, walikufa karibu 50. Basi lile wazo la Kikwit halikuwa upuuzi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Ruhusa ya kuitengeneza na kuiuza dawa hiyo ilikwenda kwa kampuni ya Miami, Ridgeback Biotherapeutics. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia liliipendekeza dawa hiyo pamoja na mwenzake, na papo hapo likasema kwamba mahali penye ugonjwa bado ni shida kuzipata. Damu ilitoka Kikwit na jaribio lilifanyika Mangina, lakini ufunguo wa ghala uko mbali. Hatuwalaumu waliotengeneza dawa, imeokoa watu. Twasema tu kwamba mwenye maarifa asipokuwa na daftari lake mwenyewe na sauti katika mapatano, atashukuriwa kwa maneno.

Kuna maarifa mengine ambayo ni vigumu kuyataja mkutanoni, lakini tutayataja. Wakati wa Ebola, wanawake wa miji yetu walijua kwamba baadhi ya wanaume waliokuja kusaidia walikuwa wakidai miili yao ili wawape kazi. Walijua tangu 2018. Ilikuwa Septemba 2020 ndipo waandishi wa habari walipowasikiliza na kuyatangaza. Septemba 2021 tume iliyoundwa na Shirika la Afya la Dunia ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe. Akina mama walikuwa na habari kamili, bali hawakuwa na mahali salama pa kuiweka.

Na wale wanaotoa maarifa hadharani hawana kinga. Mwezi wa Novemba 2019, huko Lwemba, upande wa Mambasa, mtangazaji wa radio ya jamii, Papy Mumbere Mahamba, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa akiwaeleza watu jinsi ya kujikinga na Ebola, kwa lugha wanayoielewa. Ndugu, radio ya kijiji si mchezo. Mtu alitoa uhai wake kwa ajili yake, nasi twashindwa kutoa bei ya sabuni?

Sasa twaleta shauri letu. Tuanzishe mfuko wa kuandika na kutangaza maarifa ya watu wa hapa. Tukipata watu 300, kila mmoja akitoa franga 1,000 kwa mwezi, tutakuwa na franga 300,000. Fedha hizo hazijengi nyumba, lakini zanunua madaftari, kalamu na kinasa sauti, na zalipia saa chache za radio. Watu wa Mangina na Butembo hawahitaji kufundishwa kuchanga. Likelemba twaijua, salongo twaijua. Twaomba tu ufundi ule ule utumike kwa kitu kisichoonekana kwa macho.

Masharti yake yawe haya.

Kwanza, anayetoa maarifa alipwe siku yake. Mwanafunzi akienda na daftari kwa mzee au kwa mama mkunga, akamkalisha kutwa nzima, asimwachie asante peke yake. Shamba lake la kakao halikulimwa siku hiyo.

Pili, aandikwe jina lake, akipenda. Asipopenda, lisiandikwe, wala asishurutishwe.

Tatu, yaandikwe kwa lugha ya mwenye kusema, Kinande, Kilese au lugha ya Bambuti, kisha yatiwe katika Kiswahili. Kamusi ya Kinande kwa Kifaransa ya Kavutirwaki na Mutaka ilitolewa Tervuren mwaka 2012. Maneno yetu, basi, yanaandikika.

Nne, nakala ya kwanza ibaki hapa: moja shuleni, moja kwenye radio, moja kwa wazee. Colin Turnbull alitoa kitabu mwaka 1961 juu ya Bambuti wa msitu wa Ituri, kikasomwa dunia nzima. Ni Bambuti wangapi waliowahi kukishika mkononi?

Tano, hesabu isomwe hadharani kila miezi mitatu, na aisome mtu asiyeishika fedha.

Tunajua kuna maswali. Mtu atasema, "Mkitoa kila kitu bure, si ndiyo mnawaita wezi?" Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kutenganisha. Maarifa ya kuokoa maisha, kama dalili za ukuta unaotaka kuanguka, hatari ya zebaki na mazishi salama, yawe ya wote bila malipo: yasomwe, yanakiliwe, yatangazwe, yatiwe hata katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa na watu wa kujitolea. Kitu cha namna hii hakipungui kwa kugawanywa. Lakini dawa za miti na siri za jamaa ni shauri la wenyewe. Bambuti wakisema mti fulani usiandikwe, kalamu iwekwe chini. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, na kuna mapatano ya mataifa, yale ya Nagoya ya mwaka 2010, yanayotaka mwenye maarifa aulizwe kwanza na apate fungu lake. Kugawa bure ni jambo jema pale mwenye mali anapogawa kwa hiari yake.

Mwingine atasema, "Ngojeni wafadhili." Wafadhili wapo, na wakija tutawakaribisha. Lakini mwenye kulipa peke yake ndiye anayechagua swali. Mwaka 2018 swali lililolipiwa lilikuwa la ugonjwa; la njaa, la usalama wa barabara na la mashimo halikulipiwa. Mgeni akikuta tumekwisha kuanza, na daftari liko mezani, atasaidia kazi yetu. Akikuta mikono mitupu, atatupa kazi yake.

Wa tatu atasema kwamba katika nchi yenye milio ya bunduki daftari ni anasa. Ndugu, watu wetu wamekimbia mara nyingi. Anayekimbia huacha kitanda, huacha kuku, na mzee mara nyingi hufia njiani. Kwa sababu hiyo hasa yaandikwe sasa, na nakala iwekwe Butembo pia.

Baada ya mkutano huu meza itakuwa chini ya mwembe, na karatasi mbili juu yake. Ya kwanza ni ya majina ya wenye kuchanga. Ya pili ni ya majina ya wazee na akina mama ambao mnataka wasikilizwe kwanza. Asiye na franga leo asiondoke bila kuandika jina katika ile ya pili. Twaomba shimo lile la zamani lianze, kwa maana mzee wake anakohoa.