Muziki Uliokataliwa: Habari ya Alex North

Leo naomba wanakwaya hasa wasogee karibu na redio, maana nina habari ya mtunzi wa muziki.

Jina lake Alex North, Mmarekani. Desemba 1967 aliitwa London na Stanley Kubrick, mwongozaji wa filamu, ambaye walikwisha kufanya kazi pamoja katika Spartacus ya mwaka 1960. Safari hii filamu ilihusu safari za angani, 2001: A Space Odyssey. Kubrick alikuwa akiunganisha picha zake huku akipiga santuri za Richard Strauss na Johann Strauss, muziki wa kuazima kwa muda. Alimwambia North wazi kwamba angependa baadhi yake ubaki. North aliamini anaweza kuandika ulio bora zaidi. Kwa muda wa wiki mbili hivi aliandika muziki wa dakika zipatazo 40. Mwili ukamshinda, misuli ikakaza, hata Januari 1968 akapelekwa studio kwa gari la wagonjwa, na Henry Brant akaongoza orkestra kwa niaba yake.

Kisha akangoja kuonyeshwa sehemu iliyobaki ya filamu. Akaambiwa muziki zaidi hauhitajiki. Aprili akaketi New York pamoja na walioalikwa kwenye maonyesho ya kwanza. Taa zikazimwa. Hakusikia hata noti moja aliyoiandika.

Wapendwa, kukataa ni haki ya mwenye filamu. Wengi husema Kubrick alichagua vizuri, nami sibishani nao. Hata mwalimu wa kwaya hawezi kuimbisha kila wimbo anaoletewa. Lakini mtu aliyefanya kazi mpaka akaugua anastahili kuambiwa mapema, kabla ya kuketi mbele za watu. Simu moja ingetosha! Na kwetu hapa, ni watunzi wangapi waliojua kwamba wimbo wao umeachwa siku ya tamasha yenyewe, wakiwa wamekwisha kuvaa sare?

North hakuweka kalamu chini. Baadhi ya muziki ule aliutumia tena katika kazi nyingine, kama filamu ya Dragonslayer ya 1981. Aliteuliwa mara 15 kuwania tuzo ya Oscar asishinde hata mara moja, mpaka 1986 alipopewa ya heshima. Alifariki 1991.

Aliyeutoa muziki ule gizani ni rafiki yake, Jerry Goldsmith, naye mtunzi wa filamu mwenye sifa na kazi zake nyingi. Mwaka 1993 alisimama mbele ya orkestra huko London, akarekodi muziki wa mwenzake, ikatoka albamu yenye jina la North. Mwaka 2007 zikatolewa pia kanda zenyewe za 1968.

Najua wengine mmekwisha kukimbilia lile jiwe walilolikataa waashi. Ngojeni kwanza. Jiwe lile lilikuja kuwa jiwe kuu la pembeni. Muziki huu haukuwa. Filamu ingali inaonyeshwa na muziki wa akina Strauss, na North hakuishi kuishika albamu ile mkononi. Ila leo anayetaka kujua aliandika nini anaweza kukisikia.

Katika nyumba zetu yako madaftari ya nyimbo za watunzi waliokwisha kulala, nyimbo ambazo hazijaimbwa hata siku moja. Mchwa hawangoji. Mwenye nalo alilete Jumamosi, saa ya mazoezi, wakati wazee wanaosoma noti za zamani wangali nasi.