Urithi wa Wabena na Wajibu wa Vyama vya Ushirika

(Maelezo kwa wajumbe wa vyama wanachama vya Njombe na Makambako)



Urithi wa Wabena unapotajwa, wengi hukumbuka ngoma, hadithi za wazee na ulanzi. Hayo ni matawi. Shina lenyewe ni ujuzi wa kuishi katika nchi ya baridi na mabonde: kuyatunza maji, kuigeuza ardhi yenye unyevu kuwa shamba la kiangazi, na kuifanya kazi nzito kwa mikono mingi. Ujuzi huo umeziokoa jamaa nyingi na njaa. Leo unaanza kupotea, na vyama vya ushirika ni miongoni mwa vyombo vichache vinavyoweza kuuzuia usipotee.

Wabena ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi ya Njombe. Majirani zao ni Wahehe, Wasangu, Wakinga na Wapangwa. Baadhi yao walishuka zamani hadi bonde la Kilombero, na habari za hao ziliandikwa na A. T. Culwick na G. M. Culwick katika kitabu kilichotoka mwaka 1935. Waliobaki nyanda za juu walipatwa na misukosuko mingi. Katika karne ya 19 walisumbuliwa na vita vya Wahehe na Wangoni. Mwaka 1905 watu wa Mtemi Mbeyela waliingia katika Vita vya Maji Maji na kuishambulia misheni ya Yakobi. Baada ya vita kukawa na njaa, kisha kodi ya mkoloni. Na kwa ajili ya kodi hiyo wanaume wengi wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, Tanwat, karibu na mji wa Njombe. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wengi, nao wakayaacha makazi ya zamani yakawa mahame.

Katika nyakati hizo zote, mume akiwa mbali na ghala likiwa tupu, tegemeo la nyumba lilikuwa kinyungu.

Yafaa vijana waelezwe kinyungu ni nini, kwa maana wapo wanaolijua jina bila kuijua kazi. Mvua zinapokwisha, mkulima hushuka bondeni penye unyevu. Hukata majani, huyageuza pamoja na udongo wa juu yakafukiwa chini, kisha huinua matuta na kuacha mifereji katikati ili maji ya ziada yapate njia. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hapo hupandwa mahindi, maharage, njegere, viazi na maboga. Mahindi ya kinyungu hukomaa wakati yale ya mlimani bado ni machanga, na chakula cha mwaka uliopita kimekaribia kwisha. Kwa hiyo kinyungu si bustani ya kujifurahisha. Ni daraja la kuvukia miezi ya upungufu.

Kazi hiyo haikufanywa na mtu peke yake. Mwenye shamba alipika ugimbi, akawaalika majirani; asubuhi wakalima, jioni wakanywa. Kesho ikawa zamu ya mwingine. Aliyealikwa akakosa kwenda bila sababu alijua kwamba siku yake ikifika atalima peke yake. Yaani kabla ya kuwapo daftari la wanachama na katiba ya chama, ushirika ulikwisha kuwa na sheria yake, na adhabu yake ilijulikana na wote.

Hata mianzi ilitunzwa kwa utaratibu. Wakati wa mvua mgemaji hukata ncha ya chipukizi, akaning'iniza mbeta ya kukingia utomvu, na kuurudia mwanzi kila siku kuukata upya. Mianzi hiyo hiyo hutoa vikapu na uzio. Na ipo misitu ambayo haikuguswa kabisa kwa heshima ya mizimu. Msitu wa Nyumbanitu, wilayani Wanging'ombe, unajulikana hadi leo. Imani za watu kuhusu misitu hiyo zinatofautiana, lakini faida moja haina ubishi: mahali ambapo shoka halikuingia, miti imebaki.

Ndugu Wajumbe, hali ya sasa ni nyingine. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa umemegwa kutoka Iringa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 889,946. Makambako, penye stesheni ya Reli ya TAZARA na njia panda ya barabara za Mbeya na Songea, imekuwa soko la watu wa makabila mengi. Mahindi, viazi, chai, mbao na parachichi vinawaletea wakulima fedha. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka fedha hizo zikome.

Lakini kila neema ina gharama yake. Ya kwanza ni ardhi. Mabonde na vilima vinauzwa kwa ajili ya misitu ya mbao na mashamba ya parachichi. Fedha za mauzo hutumika mara moja, na mtoto wa muuzaji hubaki kibarua pale alipozaliwa. Ya pili ni maji. Milingoti iliyopandwa bondeni hunyonya maji mengi, na mahali palipokuwa na kinyungu pakawa pakavu. Ya tatu ni kukatika kwa mafunzo. Ukimwi umeuathiri Mkoa huu kuliko mingine: uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7. Nyumba nyingi zilipoteza baba na mama kabla hawajawafundisha watoto kazi. Na watoto wa Makambako na Njombe mjini, wengi wao, wanaitikia "Kamwene" wala hawawezi kuendelea na maneno mengine ya Kibena.

Suala la maji lina ugumu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Makusudi yake ni mema. Mto Ruhuji huteremka kutoka nchi hii hadi Kilombero, na maji yake huishia Rufiji, penye Bwawa la Julius Nyerere. Hata hivyo mjane anayelima matuta manne kwa jembe la mkono hawezi kutazamwa sawa na mtu aliyejaza bonde zima milingoti. Kazi ya chama ni kumsemea mjane huyo mbele ya kijiji na Halmashauri, na wakati huo huo kumwambia kweli kwamba jicho la chemchemi halilimwi.

Hata mbali wapo wenye jambo kama hili. Wamixteki wa Oaxaca, nchini Meksiko, wamelima tangu kale kwa kujenga kuta za kuzuia udongo katika makorongo. Wengi wao wamehamia California kutafuta vibarua. Lakini kazi ya pamoja ya kijiji, waiitayo tequio, haikufutwa: katika vijiji vingi, aliye mbali hutuma fedha au hulipa mtu wa kushika nafasi yake. Desturi imebadili sura, wajibu umebaki.

Basi vyama vyaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, kila chama kikae na Serikali ya Kijiji, kiyaorodheshe mabonde na vyanzo vya maji, na kuwahimiza wanachama, wanawake wakiwamo, kupata hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Pili, mwanachama anayetaka kuuza ardhi ashauriwe kwanza juu ya kukodisha au kukopa katika chama. Tatu, milingoti iondolewe mabondeni, na mianzi ipandwe panapofaa. Nne, wazee wawili au watatu wa kila kijiji waalikwe kuwafundisha vijana kinyungu shambani, kwa Kibena, na maelezo yao yaandikwe.

Mambo hayo hayangoji fedha za mfadhili. Yanangoja mkutano mkuu wa chama na azimio lililopigiwa kura. Mvua zikikoma mwaka huu, itaonekana ni chama gani kilichoshuka bondeni na vijana wake.